Mkulima wa Grand-Pré aliyefukuzwa 1755: nawezaje kuunganisha Acadia na Louisiana?

Chipukizi
Wakuu, nafuatilia nasaba ya mkulima wa ukoo wa Landry, Grand-Pré, aliyefukuzwa Acadia (koloni la zamani la Wafaransa, leo hasa Nova Scotia, Kanada) na Waingereza mwaka 1755. Yumo kwenye orodha ya John Winslow, ofisa aliyesimamia ufukuzaji huo Grand-Pré: idadi ya wana, idadi ya binti, ng'ombe, kondoo, nguruwe. Mke hatajwi. Upande wa pili nina ndoa ya miaka ya 1770 huko St. Gabriel, Louisiana. Bwana harusi ni Landry, na jina la baba yake ni lile lile. Niwaunganishe? Sensa ya Acadia ya 1714 nimeipekua bila mafanikio.

Rejesta
Usiunganishe bado. Akina Landry, LeBlanc na Hébert walizunguka majina yale yale machache ya ubatizo, kwa hiyo jina moja halithibitishi kitu. Tafuta jozi: baba pamoja na mama. Padri wa Kikatoliki alimwandika mwanamke kwa jina la ukoo wa kwao hata baada ya kuolewa, hivyo ndoa ya St. Gabriel ikitaja wazazi, mama ndiye ufunguo wako. Ila kama bwana harusi alikuwa mjane, mara nyingi wazazi hawatajwi, anatajwa marehemu mke wake tu. Hapo tafuta ndoa ya kwanza.

Ukishapata jozi, nenda rejesta (daftari la kanisa la ubatizo, ndoa na mazishi) ya Saint-Charles-des-Mines, yaani parokia ya Grand-Pré, 1707 hadi 1748. Wengi huitafuta Nova Scotia na kuikosa. Wakimbizi waliibeba hadi St. Gabriel, na leo iko kwenye nyaraka za Dayosisi ya Baton Rouge, ambayo imechapisha muhtasari wake. Makavazi ya Nova Scotia yana ya Port-Royal, 1702 hadi 1755, bure mtandaoni, lakini hiyo ni parokia nyingine.

Kuhusu 1714: mtu wa miaka 40 mwaka 1755 alikuwa hajazaliwa. Mle utampata baba yake, siyo yeye. Ile ya 1686 ni tajiri zaidi, ina umri, ardhi na mifugo.

Mkondo
Naongezea kipande cha katikati, maana hapo ndipo nasaba nyingi hubuniwa. Wengi wa St. Gabriel walitoka Maryland, wakaingia Louisiana kati ya 1766 na 1769. Kuna orodha ya Waacadia wa Maryland ya Julai 1763, iliyopangwa kwa miji: Annapolis, Baltimore, Oxford, Port Tobacco na mingine. Mtafute baba humo, kisha linganisha watoto mmoja mmoja na rejesta.

Waliozaliwa kati ya 1748 na 1755 hutawakuta kwenye rejesta ya Grand-Pré, kwa sababu miaka hiyo haipo. Kuwakosa si ushahidi dhidi yako. Wala usishtuke hesabu ya Winslow isipolingana na ya 1763: kuna vifo, na familia zilitenganishwa wakati wa kupakiwa melini. Yatima huandikwa ndani ya kaya za watu wengine.

Louisiana wakati huo ilikuwa chini ya Hispania, kwa hiyo tafuta pia "Landri".

Chipukizi
Asante ndugu zangu. Mama kwenye ndoa ile anaonekana ni wa Pisiguit, makazi mengine ya Acadia. Rejesta za huko si zilipotea?

Rejesta
Zilipotea, na za Cobequid, nako Acadia, pia. Njia ya kuzunguka ni matamko ya Belle-Île-en-Mer, kisiwa cha Ufaransa, ya 1767. Waacadia ambao Virginia iliwakataa walipelekwa Uingereza, wakahamishiwa Ufaransa 1763, na mwaka 1765 familia 78 zikapewa ardhi kisiwani humo. Wakuu wa kaya waliapa na kueleza nasaba zao: wazazi, mababu, ndugu, na walikotawanyika. Mama huyo wa bwana harusi huenda hakufika Ufaransa, lakini kama kaka yake alifika, atakutajia wazazi wao, na binamu atakutajia mababu wao. Majina yaamini kuliko tarehe, maana walisimulia kwa kumbukumbu.

Kizuizi
Msisahau ruhusa za undugu kwenye ndoa zenyewe, yaani kibali cha Kanisa kwa jamaa kuoana. Digrii ya pili ni babu na bibi mmoja, ya tatu ni wazazi wa babu au bibi. Ndoa ikisema digrii ya tatu, andika jozi 4 za vizazi hivyo upande wa bwana harusi na 4 upande wa bibi harusi. Angalau mtu mmoja, kwa kawaida jozi nzima, lazima ajirudie pande zote mbili, la sivyo kuna mzazi uliyemkosea. Ila soma vizuri kama ni undugu wa damu au wa ndoa. Wa ndoa unahusu jamaa za mwenzi aliyefariki, na hautakupa babu wa pamoja.

DNA iache mwisho. Waacadia waliooana ndani kwa ndani vizazi vingi hushiriki vipande kwa njia kadhaa, hivyo binamu wa mbali sana huonekana kama wa karibu, na programu itakupendekezea undugu usiokuwepo.