"Seti kamili" ya ndege ya balsa: mbao nzito kama mvule, betri imevimba, mota imebandikwa namba ya uongo

Wadau, salamu fupi leo kwa sababu nimejaa. Naandika nikiwa dukani kwangu hapa Mbale, Uganda. Mezani kuna mota ndogo ya ndege ya mfano, na pembeni yake kibandiko cha rangi ya fedha kilichojikunja kama ganda la kitunguu. Kibandiko kimeandikwa 1000. Chuma pale kilipokuwa kimebandikwa kimechongwa 2200. Zishikeni hizo namba mbili, nitazirudia.

Mimi ni fundi simu, kazi hii nimeifanya zaidi ya miaka kumi, na si mtu wa kulalamika mtandaoni. Lakini hii haikuwa ndege yangu peke yangu. Nina mpwa wangu, binti wa dada, yuko S2 (sekondari mwaka wa pili). Tangu akiwa P4 (darasa la nne) anakata maboksi ya sabuni anayafanya ndege, anazirusha kutoka barazani. Nilimwambia, leta hesabu nzuri, mwisho wa muhula tunajenga ya kweli, ya balsa (mbao nyepesi sana), yenye mota ya umeme. Akaleta hesabu nzuri. Ahadi ikawa deni.

Muuzaji nilimpata Kampala. Jina lake silitaji, akisoma hapa atajijua. Tangazo lake lilisema seti kamili: bawa la mita 1.2 ncha hadi ncha, balsa iliyokatwa kwa leza, mota isiyo na brashi, kidhibiti cha mota cha ampea 30, sevo nne za gramu 9 (vimota vya kusogeza usukani wa mabawa na mkia), betri ya seli tatu ya mAh 2200 (hiyo ni kiasi cha umeme inachobeba, si namba ya mota), propela ya inchi 10. Uzito wa kuruka gramu 850. Bei shilingi 640,000. Nilimuuliza mara mbili, "Ni kamili kweli?" Akajibu, "Kamili mzee, wewe lete gundi na rimoti tu." Nikatuma hela kwa simu, mzigo ukaja kwa basi.

Boksi lilikuwa limefungwa kwa selotepu mbili tofauti. Hapo tu ningeshtuka. Ndani hakuna mchoro. Ndege ya balsa inajengwa juu ya mchoro wa ukubwa halisi: unautandaza mezani, unafunika na nailoni, unachoma pini, kila ubavu unakaa juu ya mstari wake. Bila mchoro unajenga kwa kubahatisha. Nikampigia, akaniambia atatuma kwa WhatsApp. Akatuma. Nikachapisha karatasi 14 za A4 kwa kijana wa stationari, tukaziunganisha kwa gundi, mpwa wangu akashika rula kuhakikisha mita ni mita. Tukasema sawa, hilo tumelivuka.

Sasa mbao. Mtu asiyejua atasema mbao ni mbao. Kwenye ndege hii hapana. Balsa, ambayo nyingi duniani hutoka Ekuador, inatumika kwa sababu moja, nguvu yake ni kubwa ukilinganisha na uzito wake. Ya kujengea ndege huwa kilo 100 hadi 200 hivi kwa mita moja ya ujazo. Kwa hiyo bao la unene wa milimita 1.6, upana sentimita 10, urefu mita moja, likiwa la wastani linatakiwa liwe na gramu 25 au 26. Yale ya kwenye seti niliyashika tu mkono ukakataa. Nikayabeba kwa sonara jirani yangu, mzee mwenye mizani ya dhahabu. Alishangaa kuniona na mbao lakini alinipimia. La kwanza gramu 46. La pili 44. La tatu 47. Akaniuliza, "Kwani ulitaka ngapi, mwanangu?" Nikamwambia. Alinyamaza, akalirudisha bao la kwanza kwenye mizani akapima upya.

Gramu 46! Hiyo ni zaidi ya kilo 280 kwa mita ya ujazo. Balsa nzito ipo na ina kazi yake, unaiweka kwenye mhimili wa bawa au pale magurudumu yanapofungwa. Hawa waliiweka hadi mkiani. Nirudie, MKIANI. Mkia uko mbali na kitovu cha uzito, pua iko karibu. Kila gramu unayoongeza kule nyuma inadai gramu mbili, hata tatu, mbele ili ndege isawazike. Mchoro unataka kitovu kiwe karibu na robo ya upana wa bawa ukipima kutoka ukingo wa mbele. Siku tuliyoinyanyua kwa ncha za vidole chini ya mabawa, ndege nzima ilianguka mkia chini. Nikaenda sokoni nikanunua chubwi za wavuvi, nikagandisha gramu 90 za risasi puani. Gramu 90 zisizosukuma wala kubeba kitu, zipo pale kulipia mbao mbaya ya mtu.

Na mbavu. Ubavu wa bawa unakatwa nyuzi za mbao zikienda kwa urefu wake, kutoka mbele kwenda nyuma. Aliyewahi kupasua kuni anajua kwa nini. Mbavu za seti hii zimekatwa nyuzi zikipita kwa kimo, juu kwenda chini. Ukizishika zinakatika kama biskuti. Juu ya hapo leza haikupenya, ilichoma upande mmoja ikaacha ngozi upande wa pili, ikabidi tumalizie kwa wembe. Mbavu 14, tano zilivunjika kabla hazijatoka kwenye bao. Ya tatu ilipokatika mpwa wangu aliweka wembe chini akaanza kulia, akasema, "Mjomba, naharibu." Nilimwambia haharibu kitu. Nikamwonyesha nyuzi chini ya taa ya kazi, mistari ile midogo ya hudhurungi inavyokatiza pale pasipotakiwa. Akafuta machozi, akachukua penseli akachora mbavu tano mpya kwenye bao lililobaki, nyuzi zikiwa sawa. Zake hazijavunjika hata moja. Mtoto wa S2 amekata vizuri kuliko duka lenye leza.

Betri sasa, na hapa ndipo naomba wazazi mnisikilize. Ilikuja imefura kama chapati kikaangoni. Nikaweka mita kwenye waya ndogo za seli: 3.79, 3.80, na ya tatu 2.41. Seli ya aina hii, ya lithiamu, ikijaa ni volti 4.2, ya kukaa stoo huwekwa karibu na 3.8, na ikishuka chini ya 3 huwa imeanza kuharibika. Kuvimba maana yake ndani kuna gesi, kemikali zimeshavunjika. Hiyo haichajiwi, hiyo inatolewa nje ya nyumba. Nikampigia muuzaji, akanijibu, "Chaji tu, itarudi." Mimi naona betri za simu zilizovimba kila wiki, nimeona zinavyowaka. Mtu asiye fundi angefuata maneno yale, angeichomeka usiku sebuleni, watoto wamelala. Haya si mambo ya kupunguziana bei, ni moto ndani ya nyumba ya mtu!

Najua betri hizi ni taabu kuzileta. Tangu Aprili 2016 betri za lithiamu zinazosafirishwa peke yake haziruhusiwi kama mzigo kwenye ndege za abiria, na kwenye ndege za mizigo zinatakiwa zisizidi asilimia 30 ya chaji. Kwa hiyo muuzaji akizipata anazikalisha rafuni muda mrefu. Sawa, lakini mita ya shilingi elfu ishirini ingemwonyesha seli imekufa. Hakupima. Au alipima akaituma hivyo hivyo. Mimi niliizamisha kwenye ndoo ya mchanga uani, nikanunua nyingine kwa hela yangu.

Ujenzi wenyewe sitausimulia sana. Wiki tatu, kila jioni baada ya kufunga duka. Msasa, supaglu, vumbi la balsa hadi kwenye chai. Ile nailoni ya kufunika mabawa tuliivuta kwa pasi ya nguo ya dada yangu, moto kidogo, kuanzia katikati kwenda pembeni, na ilipokaza mabawa yakawa kama ngoma. Nyekundu na njano. Kusema kweli ndege ilipendeza, na hilo ndilo linaloniuma zaidi.

Tulipoipima ikiwa tayari: gramu 1,240. Tangazo lilisema 850. Bawa letu ni kama desimita 24 za mraba, maana yake kila desimita moja ilitakiwa ibebe gramu 35, sasa inabeba karibu 52. Ndege ya hivyo lazima ikimbie kama asilimia 20 zaidi ndipo ikae hewani, na kwa mtu anayejifunza hapo ndipo ndege nyingi hufia. Tena sisi Mbale tuko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari. Hewa yetu ni nyepesi kuliko ya Mombasa, bawa linapata kidogo, propela inapata kidogo. Huku kila gramu ina uchungu wake. Hata hivyo nikasema, nikipata uwanja mrefu na upepo wa usoni, nitajaribu.

Jumapili tukajaribu mota kwanza. Nilibana ndege kwenye benchi uani, mpwa wangu nyuma yangu na saa mkononi, hakuna mtu mbele wala ubavuni mwa propela. Nikafungua mafuta nusu. (Naita mafuta kwa mazoea, ni umeme.) Sauti ilikuwa kali kupita kiasi, kama nyuki ndani ya kopo. Sekunde kumi na moja. Kidhibiti kikatoa moshi mweupe, na ile harufu ambayo kila fundi anaijua ikajaa uani. Nikang'oa betri. Nikagusa mota, haishikiki. Ilipopoa kidogo nikaona kibandiko kimelegea pembe moja kwa joto. Nikakivuta kwa kucha. Chini yake, 2200.

Kwa wasiojua: namba hiyo ni mizunguko kwa dakika kwa kila volti moja, mota ikiwa haina mzigo. Mota ya 1000 kwenye betri ya seli tatu, yaani volti 11.1, inazunguka kama mara 11,100, na propela ya inchi 10 inaiweza. Ya 2200 inataka kukimbia zaidi ya mara 24,000, hiyo huvalishwa propela ndogo ya inchi 5 au 6. Na nguvu ya kuzungusha propela haipandi polepole, ukiongeza kasi mara mbili inataka nguvu mara nane. Sasa umeivisha inchi 10. Itanyonya umeme bila kikomo, na kidhibiti cha ampea 30 lazima kiungue. Hapo mjengaji hana kosa. Kosa ni la aliyeshika kibandiko akakibandika juu ya namba ya kweli.

Nikamtumia picha zote mbili. Tiki za bluu. Baada ya saa nne akajibu, "Uliunganisha waya vibaya." Mota hii ina waya tatu, wadau! Ukizipishanisha inazunguka kinyume basi, haibadilishi namba iliyochongwa kwenye chuma. Nikamwambia hivyo. Akajibu, "Mzee hiyo ni toy, usiifanye kesi." Kisha akanifungia.

Toy. Mtoto amekaa wiki tatu na wembe na msasa, amejifunza nyuzi za mbao, kitovu cha uzito, volti na ampea, vitu ambavyo darasani anaviona kwenye picha tu, halafu mtu aliyekula 640,000 anasema toy. Huyo ndiye aliyenifanya nifungue uzi huu.

Ninachotaka ni mota ya 1000 ya kweli, kidhibiti kipya na hela ya betri. Mbao namsamehe, tumeshazitumia. Akikataa, arudishe hela yote na mimi namrudishia boksi lake pamoja na ile betri kwenye ndoo yake ya mchanga. Risiti ya simu ninayo, ujumbe wote ninao, tangazo nililipiga picha kabla hajalifuta. Ndiyo, amelifuta jana.

Na kama kuna mdau Uganda au Kenya anayejua wapi naweza kupata balsa nyepesi ya milimita 1.6, bao moja lisizidi gramu 28, aniambie hapa hapa. Mpwa wangu ameshaubandua mkia wote wa zamani kwa wembe. Amechora mpya, anasubiri mbao.