Nifungueje mfuniko wa chipu ya kauri bila kuharibu kilichomo?

hadubini_mbovu:
Wakuu, habari za kazi. Nina chipu za zamani nilizozing'oa kwenye bodi zilizokufa, nataka kuzitazama ndani kwa hadubini na kuzipiga picha. Kuna za kauri ya kijivu zenye miguu pande mbili, moja nyeupe yenye kibati cha dhahabu juu, na transista za duara zenye kofia ya chuma. Za plastiki nimeziacha, maana hufunguliwa kwa asidi, na habari za asidi sizitaki ndani ya nyumba. Kuna jamaa kaniambia nisugue mfuniko kwa msasa mpaka uishe, kama watu wanavyofungua kopo la chakula. Ni sawa?

fundi_tupa:
Hapana, mdogo wangu. Hata kwenye kopo hakuna anayemaliza mfuniko. Ukingo wa mfuniko na ukingo wa kopo hukunjwa pamoja mara mbili. Likate hapo uone, matabaka matano ya bati, matatu ya mfuniko na mawili ya kopo lenyewe, na katikati utando laini wa kuzibia. Ukilipindua ukalisugua kwenye saruji unakula mgongo wa ule mkunjo tu. Saruji ikianza kulowa, acha, lisimamishe, libinye ubavuni: mfuniko unaachia. (Pangusa ukingo kwanza, la sivyo utatafuna unga wa chuma.)

Basi kila chipu iulize swali hilohilo: umeungwa wapi, na kwa kitu gani?

Transista ya duara, kofia imechomelewa kwenye kitako. Izungushe taratibu kwenye tupa nyembamba, juu kidogo ya ule ukingo uliotokeza. Ikikaribia kutoboka ielekeze kofia chini, miguu juu, ili vumbi lidondoke nje badala ya kuingia kwenye nyaya.

Ya kijivu ni vipande viwili vya kauri vilivyogandishwa kwa kioo, na miguu inapita humohumo kwenye kioo. Kioo hakisuguliwi, kinapasuliwa. Bana nusu ya chini kwenye jiliwa, weka makali ya patasi ndogo kwenye mstari wa kioo upande mfupi, kule kusiko na miguu, ugonge kidogo kidogo. Kipande cha juu kinaruka chote, kwa hiyo miwani ya kazi si hiari.

Ile nyeupe ndiyo tamu. Kibati kimelehemiwa kwa aloi ya dhahabu na bati, kwa kawaida 80 kwa 20, inayoyeyuka kwenye nyuzi 280 za Selsiasi. Ipashe yote polepole kwanza, maana kauri ikishtuliwa na joto inapasuka, halafu elekeza bloa ya hewa moto kwenye kibati na uinue kona kwa ncha ya wembe. Inua, usiburuze.

mlehemu_kimya:
Naongezea la usalama. Transista za zamani za nguvu za redio, zile zenye kauri nyeupe chini, nyingine zimetengenezwa kwa oksidi ya beriliamu (BeO). Vumbi lake ukilivuta linaweza kuharibu mapafu yasipone tena. Ukiona BeO, au huna uhakika, usipige tupa wala patasi.

Na chipu yenye kidirisha juu usiifungue kabisa. Kile ni kioo cha kwatzi, kimewekwa ili mwanga wa urujuanimno ufute kumbukumbu. Picha unapiga hapohapo.

hadubini_mbovu:
Asanteni sana. Nikishafungua, vumbi lililoingia nalitoaje? Nina brashi laini.

fundi_tupa:
Brashi weka mbali! Zile nyaya nyingi zina unene wa maikromita 25 hivi, unywele wako ni mnene kuliko hizo. Mimi natumia kipulizio cha mpira cha kusafishia lenzi, kwa mbali, chipu ikiwa imeinama. Chembe ikigoma iache ilipo, labda kama imekaa juu ya kile unachotaka kupiga picha. Hapo idondoshee tone la alkoholi safi ya isopropili, uiinamishe itiririke.

hadubini_mbovu:
Sawa mkuu. Naanza na transista, ninazo nyingi.