Kenchi ya darubini ya angani: alumini, inva, kaboni au silikoni kabaidi? Na kioo tukishike vipi?

kaskazi_99 (Kiembesamaki)
Assalaam alaykum jamani. Sie vijana wane tunachora darubini ya kwenda angani, kwa karatasi na kompyuta tu, msije mkadhani tuna roketi. Kioo kikuu sm 30, mwanga wake unakutana sm 60 mbele, kioo kidogo kiko kama nusu mita kutoka kikubwa. Tunabishana juu ya ile kenchi inayoshika vioo viwili visisogeleane wala visiachane. Mmoja anataka alumini kwa kuwa ni nyepesi na kila fundi anaijua, wa pili inva (ile aloi ya chuma na nikeli isiyotanuka sana), wa tatu kaboni faiba, wa nne anasema kila kitu silikoni kabaidi (aina ya kaure ngumu) mpaka kioo chenyewe.

Halafu namna ya kukishika kioo. Mie niliona gundi tu inatosha, nikafanya majaribio na kioo cha kawaida cha sm 15, matone matatu ya epoksi juu ya bamba la alumini lililobaki kwa fundi madirisha. Nimegandisha mchana juu ya dari la nyumba, jua kali. Usiku naangalia nyota naona ina pembe tatu. Pembe tatu kabisa, kama sambusa. Nikazungusha lenzi ya jicho, sambusa haikuzunguka, nikazungusha kioo na bamba lake, sambusa ikazunguka nayo. Sasa nini hichi?

MwalimuWete
Waalaykum salaam. Hongera kwa kuzungusha kimoja kimoja, wengi wangeshalaumu lenzi.

Sambusa yako umeipika mwenyewe. Alumini ya mita moja ikipoa digrii moja inafupika mikroni 23 (mikroni ni milimita moja ukiigawa mara elfu, na nanomita ni mikroni ukiigawa tena mara elfu), kioo cha kawaida kama 9. Tuseme matone yako yameachana sm 10 na usiku umepoa digrii 8, basi bamba limefupika kuliko kioo kwa mikroni 11 hivi. Epoksi ikishakauka haina huruma, haiachii, kwa hiyo hizo 11 zimetafuta pa kwenda zikaingia kwenye kioo. Na kioo cha darubini kikipinda hata nanomita 25 tu tayari unaanza kuharibu picha, mikroni 11 ni zaidi ya mara 400 ya hapo. Bahati yako kioo ni kinene, hakikuzifuata zote. Matone matatu, pembe tatu.

Kwa hiyo kabla hamjagombania kenchi, tengenezeni miguu ya kioo. Kitu chochote kina njia sita tu za kwenda, tatu za kusogea na tatu za kuzunguka. Ukikishika kwa vizuizi sita barabara hakina pa kwenda na hakibanwi. Ukiongeza cha saba kinaanza kugombana na wenzake. Ndo maana wanatumia miguu sita, jozi tatu, kila jozi ni kama herufi V iliyopinduliwa, ncha kwenye kioo. Kila mguu una shingo nyembamba. Jozi inakubali kuyumba kidogo kuelekea katikati ya kioo au kutoka nje, lakini upande haikubali, na juu chini haikubali. Bamba likivuta, shingo ndio inayopinda, kioo kinakaa raha mustarehe.

seremala_Nungwi
Hili la miguu mitatu sie tunalijua toka zamani bila ya hesabu. Kigoda cha miguu mitatu kiweke popote hakitikisiki, cha minne utatafuta kibanzi cha kutia chini mpaka uchoke.

Mie nauliza la kaboni. Ile si nyuzi zimelowekwa kwenye gundi? Gundi inakunywa maji. Masika milango yote hapa inavimba, mtu anakuita uje urande mlango, unaranda, kiangazi anakuita tena ati mlango una upenyo. Sasa nyie mnaitengeneza Unguja kwenye unyevu huu halafu mnaipeleka kusikokuwa na hewa wala maji, haitonywea?

BintiMuscat
Ami, umepiga penyewe. Mie niko Muscat nafanya kazi ya hesabu za vyuma, na hili ndilo lililoipata Hubble, darubini ya angani ya Wamarekani. Kenchi yake ni ya kaboni na epoksi, ilirushwa 1990, na kule juu ule unyevu ukawa unatoka polepole kwa miaka, kenchi ikinywea, na mafundi wa chini wakawa kila baada ya muda wanakisogeza kioo kidogo kurudisha picha. (Ile picha yake mbovu ya mwanzo ni kisa chengine kabisa: kioo kilisuguliwa kwa umbo lisilo sahihi, ukingo ulikuwa bapa zaidi kwa mikroni 2 na kitu kwa sababu kipimio kilikuwa na lenzi imekaa mm 1.3 nje ya mahala pake. Kenchi haikuwa na kosa, msiisingizie.)

Dawa zipo. Kuna resini ya saineti esta inayokunywa maji kidogo kuliko epoksi, halafu unaikausha kabla, na unaiweka kwenye hewa kavu mpaka siku ya kuruka. Na kioo kidogo unakipa mota ya kukisogeza. Bila ya mota hiyo kaboni msiitie.

Kaskazi, hesabu ya darubini yako. Kwa kioo kikali hivyo, yaani kinachokutanisha mwanga karibu, umbali wa vioo viwili ukiharibika mikroni 4 tu ushaanza kuona. Alumini ya nusu mita ikibadilika digrii 10 inakupa mikroni 115. Inva 6. Kaboni ikipangwa nyuzi zake vizuri inakaribia sifuri. Na ikiwa inazunguka karibu na dunia kama Hubble, basi kila dakika 95 hivi inaingia kivulini na kutoka, joto baridi joto baridi siku nzima.

jahazi_la_mbao
Basi si inva yaishe? Mnajitafutia tabu tu

BintiMuscat
Kilo zako utalipa wewe? Inva uzito wake ni mara tatu ya alumini, na mara nne na zaidi ya kaboni. Tena inapitisha joto vibaya, upande wa jua unapata moto na wa kivuli haujui habari, kenchi inajikunja kama ndizi. Inva inafaa vipande vidogo, vile visahani vinavyogandishwa kwenye kioo, hapo ndo mahala pake.

mpemba_mwenza
Mie natetea alumini lkn si hivo mnavyoiweka. Kosa ni kuchanganya alumini na kioo cha Zerodur kisichotaka kutanuka. Ukifanya kila kitu alumini, kioo na kenchi, basi vikipoa vinapungua vyote kwa kadiri moja, umbo ni lile lile dogo zaidi, picha haipotei. Na alumini inapitisha joto haraka kwa hiyo haikai upande moto upande baridi. ESA, shirika la anga la Ulaya, wanaijenga darubini ya Ariel hivo hivo, kioo chake ni alumini, duaradufu ya mita 1.1 kwa 0.7.

MwalimuWete
Kweli kabisa, lakini Ariel kazi yake kubwa ni mwanga wa infraredi, mawimbi marefu, inasamehe. Hawa wanataka mwanga wa macho. Alumini ni laini, kuing'arisha kwa kiwango hicho ni kazi, wengi wanaipaka nikeli kwanza ndo wasugue, na nikeli ile inatanuka kama mikroni 13 kwa mita kwa digrii, na alumini 23. Umerudi kwenye sambusa, safari hii ya tabaka mbili.

Fikra ya kitu kimoja tupu ni nzuri, walioifanya kwa silikoni kabaidi wamefanikiwa. Darubini ya Herschel, iliyorushwa 2009, kioo cha mita 3.5 kilichounganishwa kwa vipande 12. Gaia nayo 2013, pete yake kubwa inayobeba vioo ni silikoni kabaidi, na vioo vyenyewe pia. Ngumu, inapitisha joto vizuri, inatanuka kidogo. Ila ukikosea kuchonga hakuna kuranda tena, ni kama sahani ya kaure, ikipasuka imepasuka.

kaskazi_99
Na beriliamu, ile metali nyepesi ya vioo vya darubini ya James Webb, je? Mwenzetu mmoja anaililia

BintiMuscat
Mwambie anyamaze 😂 Beriliamu kwenye joto la kawaida inatanuka kama mikroni 11, si hodari hata kidogo. Uhodari wake unakuja kwenye baridi ile ya chini ya digrii -220, pale inakuwa kama imelala, haitanuki wala hainywei. Webb inafanya kazi huko, yenu haifiki. Na vile vioo 18 walikuwa wanavipoza, wanapima vinavyojikunja, wanavirudisha kwenye joto wanavisugua kinyume, ili vikipoa vije sawa. Vumbi lake nalo linaua mapafu.

Cha kuiga Webb ni namna ya kushika. Kila kioo kina miguu sita ya mota na mota ya saba katikati ya kurekebisha mbonyeo, vyote juu ya uti wa mgongo wa kaboni uliotakiwa usibadilike zaidi ya nanomita 38. Wakati wa kuruka vioo vilikuwa vimelazwa ndani vimekazwa, Januari 2022 vikanyanyuliwa mm 12.5 kimoja kimoja polepole, siku kama kumi.

Hapo ndo penye ugomvi wenu hasa. Shingo ya mguu ikiwa nyembamba kioo kinafurahi, roketi inaivunja, maana inatikisa kuliko gari ya shamba. Ikiwa nene inafika juu salama halafu inakupa sambusa. Titani inapendwa kwa shingo hizo kwa sababu inapinda sana kabla haijaharibika.

MwalimuWete
Na msisahau, kioo mezani kinalegea kwa uzito wake, kule uzito hakuna kinanyooka. Mpime kikiwa kimelala chali halafu kifudifudi, mchukue wastani.

kaskazi_99
Tumekaa jana baada ya isha tukakubaliana, yaani watatu tumekubali mmoja kanuna. Kioo Zerodur, visahani vya inva, miguu sita ya titani, kenchi ya kaboni kwa saineti esta, kioo kidogo na mota. Unene wa shingo bado tunahesabu.

Kioo changu cha dari nimekibandua. Matone mawili yametoka salama, la tatu limeng'oka na kipande cha kioo, umbo la kijiko, na gundi haijaachia hata kidogo. Nimekirudisha kwa silikoni ya madirisha, unene mm 3, nimeweka njiti za kibiriti katikati mpaka ikakauka nikazitoa. Usiku nyota ni duara, upande mmoja tu umepungua.

seremala_Nungwi
Kama kitumbua kilichong'atwa. Kipande ulichong'oa usikitupe mwanangu, nionyeshe nikija mjini.