Kifaa cha kupunguza urefu wa maganda ya risasi: Lee, Forster au Giraud?

FundiKereza
Wakuu, habari za jioni. Shemeji yangu anajaza risasi zake mwenyewe kwa maganda yaliyokwisha kupigwa, na maganda yanazidi kurefuka. Anataka kununua kifaa cha kuyapunguza, kaniuliza mimi kwa kuwa nashinda kwenye mashine ya kukereza hapa Gerezani. Amebakiza vitatu: geji ya Lee ya bei nafuu, Forster ya kuzungusha kwa mkono, na Giraud ya umeme. Anatoa hela mwisho wa mwezi. Kipi kinatunza urefu vizuri?

Mzee wa Rufiji
Mkuu, shemeji yuko wapi? Hapa kwetu silaha na risasi zina sheria yake ya mwaka 2015, huwezi kujitengenezea risasi chumbani Tabata bila leseni. Halafu kaliba gani? Anajaza nyingi au chache? Bila hayo tunabahatisha tu.

KitakoNaBega
Naongezea swali: dai yake (kile kibano cha chuma cha kurudishia ganda umbo) inarudisha ganda zima au inabana shingo tu, pale panaposhika kichwa cha risasi? Anayebana shingo tu, ganda hurefuka taratibu. Anayerudisha ganda zima, shaba inasukumwa mbele kila mara na shingo ndiyo inayopokea.

FundiKereza
Yuko Pretoria, ana leseni zote na ni mwanachama wa klabu ya shabaha. Kaliba ni .308 Winchester, bunduki ya bolti (komeo la kuvuta kwa mkono linalofunga nyuma ya mtutu). Anarudisha ganda zima. Idadi sijamuuliza.

Mzee wa Rufiji
Sasa tunaongea. Ganda la .308 mwisho wake ni inchi 2.015, yaani milimita 51.18. Wengi hulikata hadi 2.005, kama milimita 50.93. Unachezea robo milimita tu. Mimi ni mtu wa Lee na sitabadilika. Pini yake imeshakatwa urefu kiwandani, ncha inapita kwenye tundu la fataki (kiwashio cha baruti kitakoni) na kugota kwenye kishikio cha kitako. Hakuna skrubu ya kulegea. Kasoro yake ni kwamba kila kaliba inataka pini yake.

Mama Kipimo
Forster ina faida: urefu unauweka unavyotaka, na kaliba nyingine unabadilisha vipande vichache tu. Ila kitako kikikaa upande kwenye kishikio, urefu unahama. Giraud ni ya mwenye mzigo mkubwa, inakata na kuondoa ukali wa mdomo ndani na nje kwa mkupuo mmoja. Lakini inapimia kwenye bega, pale ganda linapoanza kupungua kuelekea shingoni. Mabega yakiwa hayalingani, na urefu hautalingana. Lazima maganda yapite kwenye dai kwanza, yote sawasawa.

NyumbuMpweke
Naomba mnisikilize kuhusu urefu wenyewe, maana mnaongelea vifaa kana kwamba ni suala la unadhifu. Niliwahi kuwa dereva kwenye shamba la uwindaji Namibia. Alikuja mgeni na risasi za .30-06 alizojaziwa na rafiki yake. Bolti ilikuwa inafunga kwa ubishi, yeye akaibana kwa nguvu akafyatua. Haikufunguka tena. Mwongozaji aliigonga kwa kipande cha mti mpaka ikaachia, na ganda lilipotoka fataki ilikuwa bapa kabisa na kitakoni kuna alama ya chuma cha bolti. Jioni tukapima zilizobaki: kadhaa zilipita inchi 2.494, ambao ndio mwisho wa .30-06. Mdomo wa ganda ukigota mwisho wa chemba (pale ganda linapokaa ndani ya mtutu) unabanwa kwenye kichwa cha risasi, hakiachii kwa wakati, shinikizo linapanda. Yule mgeni alikuwa na uso wake karibu kabisa na ile bolti. Mwambie shemeji, bolti ikikataa asiilazimishe.

KitakoNaBega
Pole kwa hilo, lakini mlijuaje si baruti iliyozidi? Dalili ni zilezile.

NyumbuMpweke
Zilizokuwa fupi kwenye boksi hilohilo zilipigwa siku iliyotangulia bila shida. Kwangu hilo linatosha.

KitakoNaBega
Kwangu halitoshi, kila moja ilijazwa peke yake. Na kukata si dawa ya kila kitu. Shaba iliyokwenda shingoni imetoka ukutani, karibu na kitako. Apitishe waya wenye ncha iliyopindwa ndani ya ganda. Akisikia mfereji hapo chini, ganda hilo atupe, hata kama urefu wake ni sahihi.

Mama Kipimo
Hilo kweli kabisa. Na anapimia nini? Kalipa (kipimio cha urefu chenye taya mbili) za betri za bei rahisi zinakula betri hata zikiwa zimezimwa, na betri ikichoka namba zinaanza kurukaruka.

Mzee wa Rufiji
Anunue kalipa ya venia, ya kusoma mistari kwa macho. Haina betri.

Mama Kipimo
Mzee, kwa macho ya nani jioni? Kalipa ya mshale ni nzuri, mradi vumbi la shaba lisiingie kwenye meno yake.

FundiKereza
Mimi natumia venia kila siku na naisoma vizuri. Swali jingine: ile ya Lee inafungwa kwenye drili?

Mzee wa Rufiji
Inafungwa. Kishikio kina mkia wa kuingia kwenye drili ya kawaida.

Mama Kipimo
Bado hujatuambia anajaza ngapi. Akiwa ni mtu wa mashindano, hiyo drili itamchosha, arudi kwenye Giraud.

FundiKereza
Nimemtumia ujumbe, hajajibu. Na hiyo kalipa ya mshale, Kariakoo inapatikana mtaa gani?