Naomba ushauri: kompyuta ya gemu kwa bajeti ya milioni 2

Wakuu, habari zenu. Nataka kujiundia kompyuta ya mezani ya gemu. Niko Dar, bajeti ni shilingi milioni 2. Skrini ya 1080p ninayo tayari. Nacheza zaidi mpira na GTA V, na mdogo wangu anajifunza Blender (programu ya kuunda picha na katuni za 3D) kwenye mashine hiyo hiyo.

Prosesa nimeegemea Ryzen 5 5600: kori 6, wati 65, na feni huja nayo kwenye boksi. Najua AM5, soketi mpya zaidi ya prosesa za Ryzen, ingenipa nafasi ya kupandisha baadaye, ila kule lazima RAM ya aina ya DDR5, na hela itaishia hapo.

Kinachoninyima usingizi ni kadi ya picha. Nichukue RX 6600 mpya ya GB 8, au RTX 3060 ya GB 12 iliyotumika? Kwa gemu peke yake ningechukua RX bila kufikiri mara mbili, haili umeme mwingi. Lakini kwa Blender, Nvidia (wenye hizo RTX) ina OptiX, teknolojia ya kuharakisha utengenezaji wa picha za 3D, na dogo ana bidii kweli, sitaki kumkwamisha. Hofu yangu ni kadi za mtumba zilizoshinda usiku na mchana zikichimba sarafu za mtandaoni. Mnaonunua Kariakoo, mnazipimaje dukani kabla ya kutoa hela?

Halafu pawa saplai: wati 550 zinatosha, au 650? Mtaani kwetu umeme unakatika na kurudi kwa nguvu, kwa hiyo ile ya bei chee isiyo na jina siigusi. Kati ya UPS na stebilaiza, nianze na ipi?