Gitaa la mtindo wa zamani: Stratocaster ya Squier au Les Paul ya Epiphone?

Fundi_Solo: Wakuu, nataka kuchukua gitaa la umeme la umbo la zamani. Nimeshika Stratocaster ya Squier Classic Vibe na Les Paul ya Epiphone, yote mawili yameniingia moyoni. Nataka ile sauti ya kale. Nichukue lipi?

kibao_kata: Sauti ya kale ipi? Unapiga dansi, injili, taarab? Ampu, kile kikuza sauti cha gitaa, unayo? Bajeti? Umekuja mikono mitupu, unataka tukuchagulie mke.

Mzee wa Rithim: Strato, mjadala ufungwe. Pikapu zake, vile vinasa sauti chini ya nyuzi, ni za koili moja ya waya, zinang'aa, kila uzi unausikia peke yake. Weka swichi kati ya pikapu ya shingo na ya katikati, piga rithim ya dansi uone. Enzi hizo swichi ilikuwa na nafasi tatu tu, watu wanaibana katikati kwa ujanja, hadi Fender, wenye Strato yao, walipoweka ya nafasi tano 1977.

Sebene_Tu: Zinang'aa, na zinavuma. Nilikwenda na la koili moja kwenye harusi Mbagala. Ukumbi una taa za tyubu, umeme hauna ethi, ampu imewekwa ubavuni mwa friji ya soda. Nafungua sauti tu: mmmmmm. MC anaomba ukimya bwana harusi aseme neno, gitaa linaanza kabla yake. Nikigusa nyuzi linapungua, nikiachia linarudi. Nikajigeuza geuza mpaka nikapata upande mmoja linapotulia, basi nikapiga usiku kucha nimewapa wageni mgongo. Mwenye bendi akanikata posho, eti sikuchangamka! Chukua Les Paul, koili mbili zinafuta mvumo.

kibao_kata: Sio zote. Les Paul za mwanzo, 1952, zilikuwa na pikapu za P-90, koili moja. Za koili mbili zikaja 1957. Sasa anayetaka ukale hasa...

Sebene_Tu: Mkuu, la dukani lina koili mbili. Usitupeleke chuo kikuu.

dada_nyuzi: Mnabishania sauti, mkononi je? Urefu wa uzi kwenye Les Paul ni milimita 628 hivi, Strato 648, kwa hiyo nyuzi zilezile kwenye Les Paul ni laini kuvuta. Ila ni zito, mara nyingi kilo nne. Simama nalo baa hadi alfajiri ndipo uje useme. Strato limechongwa ubavuni, linakukaa mwilini. Piga kodi (chord) ya E bila hata kuchomeka, ulisikie likitetema tumboni.

Fundi_Solo: Nilikuwa kazini wakuu. Solo kanisani, rumba nyumbani. Bajeti milioni moja na nusu. Ampu sina, nitachomeka kwenye sabufa.

Mzee wa Rithim: Sabufa?!

kibao_kata: Hiyo haitakupa Strato wala Les Paul, itakupa mdundo tu. Ampu kwanza.

dada_nyuzi: Tenga na hela ya nyuzi. Sisi wa Tanga chumvi inazila, nazifuta kwa kitambaa kila nikimaliza kupiga.

Sebene_Tu: Za besi mimi nazichemsha, zinarudi kung'aa.

Mzee wa Rithim: Unazichemsha? Na maji matupu au unatia kitu?