MJADALA: Presha na kisukari visiwani, tuwafundishe wahudumu wa afya ngazi ya jamii au tupeleke wauguzi?

Mtoto wa Mbagala: Wadau, nimerudi juzi kutoka Mafia kumzika shangazi yangu, alikuwa akikaa Jibondo. Kiharusi. Chini ya godoro tumekuta amlodipini, dawa ya presha, pakiti nne, hazijafunguliwa. Alikuwa anameza siku kichwa kikimuuma tu. Hakuna aliyemkalisha chini akamwambia presha haipigi hodi. Nauliza: hawa wahudumu wa afya ngazi ya jamii wanaofundishwa sasa, kwa visiwa kama Jibondo, Juani na Bwejuu, wasipewe presha na kisukari kuwa kazi yao kubwa? Au bila muuguzi tunadanganyana?

Kijana wa Ilala: Pole sana mkuu. Mimi nasema muuguzi. Mtu wa miezi mitatu darasani anajua nini? Halafu tuseme ukweli, watu wa visiwani ni ng'onda, samaki mkavu wa chumvi, asubuhi na jioni. Kwa chumvi ile mhudumu atasaidia nini?

Binti Kilindoni: Ng'onda imekukosea nini wewe? Nimezaliwa Kilindoni, Mafia, naishi Tandika. Kwetu ng'onda tunaila kusi likivuma, mashua hazitoki. Siku nyingine ni samaki wabichi, tena wa saa ile ile. Nyie hapa Dar chipsi mayai saa nne usiku, chumvi juu, soda baridi pembeni. Nenda kliniki yoyote ya kisukari hapa mjini uone foleni. Wote wale wametoka Mafia?

Kijana wa Ilala: Dada, mbona unapaniki, sijamtukana mtu. Shirika la Afya Duniani linasema chumvi isifike gramu 5 kwa siku, yaani kijiko kimoja cha chai kwa vyakula vyote. Kipande kimoja cha ng'onda kina ngapi?

Baba Shaaban: Mwanangu, ng'onda inalowekwa usiku kucha. Asubuhi unamwaga maji, unachemsha, unamwaga tena, ndipo unaunga nazi. Asiyejua kupika asimsingizie samaki.

Binti Kilindoni: Mwambie baba!!

Nesi Mstaafu: Marehemu tumeshamwacha, tunagombania kitoweo. Ilala, miezi ni sita: mitatu darasani, mitatu ya vitendo. Mpango uliozinduliwa Januari 2024 unalenga wahudumu 137,294 nchi nzima kwa miaka mitano. Na Baba Shaaban ametoa somo kuliko mabango yote niliyowahi kubandika ukutani. Mimi mgeni nikifika kisiwani nikasema "acha chumvi", bibi ataniitikia "haya mwanangu", nikigeuka anaendelea. Jirani yake atamwambia loweka, mwaga, chemsha, mwaga. Kupima presha nako kunafundishika: mgonjwa akae kimya dakika tano, mgongo umeegemea, mkono uwe usawa wa moyo. Ikizidi 140 kwa 90 mara kwa mara, apelekwe zahanati. Dawa aandike mganga, lakini kumkumbusha bibi ameze leo, na kesho, na siku asiyoumwa kichwa, hiyo ni kazi ya mtu anayepita mlangoni kwake kila siku.

Binti Kilindoni: Shikamoo mama, umenena. Mjomba wangu ana sukari ya sindano, friji hana. Jirani mmoja ndiye aliyemfundisha: chupa ya insulini ndani ya mfuko wa nailoni, chungu kidogo ndani ya chungu kikubwa, katikati mchanga uliolowa maji, kitambaa kibichi juu, kivulini. Sindano ipo salama mpaka leo. Huyo jirani hajawahi kulipwa hata mia.

Kijana wa Ilala: Sawa, nimeelewa. Ila hao waliosoma mtawapata wapi? Vijana wa visiwani wakimaliza kidato cha nne wote wanakimbilia Kariakoo.

Binti Kilindoni: Sikukimbia kaka. Nilimaliza kidato cha nne, nikakaa nyumbani mwaka mzima nasubiri kazi, nikaja Kariakoo kuuza vitenge kwa sababu mama anakula. Kungekuwa na kazi ya afya yenye posho ya uhakika kila mwezi, leo ningekuwa kwetu napima wazee. Usiniambie nimekimbia.

Kijana wa Ilala: Nisamehe dada. Hilo nalifuta.

Baba Shaaban: Posho, wajukuu zangu. Wanawafundisha, wanawapiga picha, wanawapa begi. Na posho?

Mtoto wa Mbagala: Nirekebishe nilichoandika juu. Nimempigia binamu yangu sasa hivi. Kumbe kitongojini kwao mhudumu yupo, mama wa kujitolea, na mashine ya presha anayo. Ndiye aliyemwosha shangazi, nilimshika mkono msibani nikamshukuru bila kujua. Mashine yake inakula betri nne ndogo. Ziliisha kabla ya Ramadhani. Dukani pale zipo, nilizipita nikienda kununua sanda. Nesi, nijibu wewe uliyefanya kazi hii: betri hizo nani alitakiwa kuzinunua?